Kutoka Undugu hadi Ushirikiano wa Kiusalama: Uhakiki wa Lugha ya Ugaidi katika Mpaka wa Ruvuma na Mwambao wa Ziwa Nyasa

1.0 Utangulizi

Wilaya za Mbinga na Nyasa zipo katika pembe ya kusini-magharibi ya Mkoa wa Ruvuma. Upande wa kusini zinapakana na Mkoa wa Niassa wa Msumbiji, na upande wa magharibi zinatazamana na Malawi kupitia Ziwa Nyasa. Majina ya wilaya hizi hayatajwi mara kwa mara ugaidi wa kusini mwa Tanzania unapojadiliwa. Yanayotajwa ni Kitaya mkoani Mtwara, Kibiti na Rufiji mkoani Pwani, na ng'ambo ya mto, Mocímboa da Praia na Palma katika Mkoa wa Cabo Delgado. Kutotajwa huko ndiko kunakoipa Mbinga na mwambao wake thamani ya kiuhakiki. Mahali palipokwisha kushambuliwa, ni vigumu kutenganisha sera na kidonda kilichoizaa. Mahali pasiposhambuliwa, sera hufika kabla ya adui, na yanayoonekana ni maneno yake, mantiki yake na wale inaowagusa kwanza.

Uhakiki huu unachunguza jinsi ugaidi unavyobadili sera ya usalama na mahusiano ya mataifa rafiki kwa kuitazama lugha ambayo mabadiliko hayo yanatamkwa kwayo. Matini zinazohakikiwa ni za aina mbili. Aina ya kwanza ni matini rasmi: Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuhusu Wakimbizi wa mwaka 1969, Mkataba wa umoja huo wa Kuzuia na Kupambana na Ugaidi wa mwaka 1999, Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya Tanzania ya mwaka 2002, Mkataba wa Ulinzi wa Pamoja wa SADC wa mwaka 2003, na mapatano ya wakuu wa polisi wa Tanzania na Msumbiji ya Novemba 2020. Aina ya pili ni msamiati wa Kiswahili cha kawaida ambao kwao matini hizo humfikia mwananchi: gaidi, ndugu, mgeni, ulinzi, usalama na balozi.

Hoja kuu ni kwamba ugaidi haukuuvunja urafiki wa Tanzania na jirani zake wa kusini. Uliuhamisha. Urafiki uliokuwa wa dola na watu kwa pamoja umekuwa, kwa sehemu kubwa, urafiki wa vyombo vya ulinzi, na mkazi wa mpakani amegeuka kutoka mshiriki wa urafiki huo na kuwa kitu kinachochunguzwa nao.

2.0 Msingi wa Kinadharia

Nadharia mbili zinaongoza uhakiki huu, na zote mbili zinahitaji kurekebishwa zinapofikishwa Mbamba Bay. Ya kwanza ni ile ya wanazuoni wa Copenhagen, Barry Buzan, Ole Wæver na Jaap de Wilde, katika kitabu chao cha mwaka 1998. Kwa mujibu wao, jambo halizaliwi likiwa suala la usalama. Hufanywa kuwa hivyo pale mwenye mamlaka anapolitamka kuwa tishio kwa uhai wa jamii na hadhira ikakubali hatua zisizo za kawaida. Mchakato huo unaitwa hapa usalamishaji. Ya pili ni hoja ya Glenn Snyder ya mwaka 1984 kuhusu hofu mbili za washirika: hofu ya kuachwa wakati wa shida, na hofu ya kukokotwa kuingia katika vita vya mwenzako.

Upungufu wa nadharia ya usalamishaji ni kwamba inamchukulia msemaji mkuu kuwa mmoja na lugha yake kuwa moja. Mpaka wa Ruvuma una lugha rasmi tatu: Kireno, Kiingereza na Kiswahili. Tamko la usalama hutolewa Maputo kwa Kireno, hujadiliwa katika vikao vya SADC kwa Kiingereza, kisha hufika Liuli au Lituhi kwa Kiswahili kupitia mkuu wa wilaya, afisa tarafa, mtendaji wa kijiji na balozi wa nyumba kumi. Katika kila hatua neno hubadilika uzito. Upungufu wa hoja ya Snyder ni kwamba wanaoogopa kuachwa au kukokotwa ni mataifa tu. Swali la nani anaachwa na nani anakokotwa ndani ya taifa halimo. Mbinu ya Uchambuzi Tahakiki wa Usemi, inayohusishwa na Norman Fairclough, inasaidia kuziba mapengo hayo kwa kuwa inauliza ni nani anayepewa nafasi ya mtendaji katika sentensi, na ni nani anayetendwa.

Hapa Kiswahili chenyewe kinatoa nyenzo ya uchambuzi. Maneno ulinzi na usalama hutajwa pamoja mno, kama vile katika kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, hata yakadhaniwa kuwa kitu kimoja. Hayako hivyo. Ulinzi unatokana na kitenzi kulinda. Una mtendaji, una kitendo, na unaweza kuhesabika kwa askari, doria na vizuizi. Usalama ni hali ya mtu aliye salama. Hauna mtendaji, na anayeweza kuushuhudia ni yule anayeuishi. Kijiji kinaweza kuongezewa ulinzi na kupungukiwa usalama. Tofauti hiyo ndiyo mizani itakayotumika katika sehemu zinazofuata.

3.0 Gaidi ni Nani? Historia ya Neno Mpakani

Kabla ya kubeba maana ya sasa, neno gaidi lilitumika katika Kiswahili kwa mnyang'anyi anayetumia nguvu au silaha, haramia wa njiani. Gaidi wa zamani alitaka mali. Baada ya milipuko ya tarehe 7 Agosti 1998 katika balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam, iliyoua zaidi ya watu 200 Nairobi na watu 11 Dar es Salaam, maana ya kisiasa ilishika nafasi ya kwanza. Azimio namba 1373 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la tarehe 28 Septemba 2001, liliyataka mataifa yote kuufanya ugaidi kuwa kosa zito katika sheria zao, na Tanzania ikatunga sheria yake mwaka 2002. Kwa hiyo neno lilijazwa maana mpya kutoka nje, kwa haraka, na kwa msukumo wa washirika wenye nguvu kuliko Tanzania.

Katika mpaka wa Ruvuma, hata hivyo, jambo lenyewe lina historia ndefu kuliko neno. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962 na kuanza vita vya silaha tarehe 25 Septemba 1964. Wapiganaji wake walipita kusini mwa Tanzania, na mkutano mkuu wake wa pili, wa Julai 1968, ulifanyika Matchedje mkoani Niassa, karibu na mpaka wa Songea. Askari wa Ureno waliwaita wapiganaji hao turras, kifupisho cha dharau cha neno la Kireno la magaidi. Ureno ilikuwa mwanachama mwasisi wa NATO, na kwa hiyo Tanzania, kwa kuwapokea waliokuwa wakiitwa magaidi, ilijiweka upande wa pili wa washirika wa Ureno waliokuwa pia wafadhili wa maendeleo yake. Gharama ilikuwa halisi. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu.

Baada ya uhuru wa Msumbiji wa tarehe 25 Juni 1975, neno liligeuka mkono. Serikali ya FRELIMO iliwaita RENAMO majambazi wenye silaha, na Tanzania ilipeleka wanajeshi wake Msumbiji katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 kuisaidia serikali hiyo. Jina la jambazi lilikuwa na kazi ya kisiasa: lilimnyima adui hadhi ya kuwa na hoja. Hata hivyo, vita hivyo vilimalizwa na Mkataba wa Amani wa Roma wa tarehe 4 Oktoba 1992, yaani kwa kukaa meza moja na walioitwa majambazi.

Mkataba wa Algiers wa mwaka 1999 ulijaribu kuhifadhi kumbukumbu hii. Ibara yake ya 3 inatamka kwamba mapambano ya watu ya kujikomboa kwa mujibu wa misingi ya sheria za kimataifa hayatahesabiwa kuwa ugaidi. Ibara hiyo ni sauti ya Afrika iliyowahi kuitwa gaidi. Hata hivyo haimlindi mtu asiye mkombozi wala gaidi: mvuvi, mchuuzi, mkimbizi. Ugomvi wa nani aitwe gaidi ulipiganwa baina ya dola na vyama vya ukombozi, na aliyekuwa katikati hakupewa jina.

Wapiganaji walioishambulia Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017 hawalingani na FRELIMO ya 1964, na uhakiki huu haudai hivyo. Wameua raia, wamechoma vijiji na kuteka wanawake na watoto, na wamejifungamanisha na kundi la Dola ya Kiislamu. Hoja ni finyu zaidi: jamii ya mpakani ambayo ndani ya umri wa mzee mmoja imeona neno lilelile likipewa kwanza rafiki, kisha adui wa rafiki, kisha kijana wa jirani, haiwezi kulipokea neno hilo bila kuuliza safari hii limetoka wapi. Kuuliza huko si uasi, ni kumbukumbu tu.

4.0 Mgeni, Mkimbizi, Mshukiwa

Mkataba wa Wakimbizi wa Afrika ulipitishwa Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969, wakati Ruvuma na Mtwara zikiwa zimepokea maelfu ya watu kutoka Msumbiji. Ibara yake ya 2 ina mambo mawili yanayohusu moja kwa moja mahusiano ya mataifa rafiki. Kwanza, kutoa hifadhi ni tendo la amani na la kibinadamu, na taifa lolote mwanachama lisilihesabu kuwa tendo lisilo la kirafiki. Pili, mtu asikataliwe mpakani wala kurudishwa mahali ambapo uhai au uhuru wake uko hatarini. Ibara ya 3 inaweka sharti la upande wa pili: mkimbizi asifanye vitendo vya kuihujumu nchi mwanachama. Urafiki na hifadhi viliandikwa katika mkataba mmoja, vikitegemeana.

Matini ya Novemba 2020 ina sarufi tofauti. Baada ya shambulio la Kitaya, wakuu wa polisi wa nchi mbili walikutana Mtwara na kukubaliana kuhusu operesheni za pamoja na kukabidhiana washukiwa. Vyombo vya habari vilitaja zaidi ya washukiwa 500 waliokuwa wakishikiliwa Msumbiji. Katika taarifa za mapatano hayo, watendaji ni majeshi mawili ya polisi. Watu wa mpakani wanaonekana kwa sura mbili tu: wanaolindwa na wanaotafutwa. Sura ya tatu, ya anayekimbia, haimo.

Kutokuwemo huko kulikuwa na matokeo. Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, maelfu ya watu walielekea Mto Ruvuma. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilieleza hadharani wasiwasi wake mwaka huo kwamba zaidi ya watu 9,600 walikuwa wamerudishwa Msumbiji kwa nguvu kupitia Negomano tangu mwaka ulipoanza. Negomano ndiko lilipo Daraja la Umoja, lililozinduliwa Mei 2010 kama ishara ya udugu wa nchi hizi. Daraja halikufungwa kwa bidhaa wala kwa ushirikiano wa maofisa. Lilibadilishiwa mwelekeo kwa wanyonge.

Hoja ya serikali katika mazingira hayo ina uzito na inastahili kuelezwa kwa haki. Kitaya ilishambuliwa kweli, na watu waliuawa. Baadhi ya wapiganaji ni Watanzania, na mpiganaji anaweza kujificha katika kundi la wakimbizi. Methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, haimtaki mwenyeji awe mjinga. Inamtaka amjaribu mgeni kwa kazi. Lakini mpangilio wa methali hiyo una mantiki ambayo sera iliuruka: mgeni hupokewa kwanza, hupimwa baadaye. Kumhoji anayeingia, kumsajili na kumweka mbali na mpaka ni upimaji. Kumrudisha pasipo kumhoji ni kuukimbia upimaji wenyewe, na kunamwacha mpiganaji halisi, anayejua vivuko visivyo rasmi, akiwa huru kuliko mama aliyejitokeza mbele ya askari na watoto wake.

Kwa mujibu wa mkataba wa 1969, hifadhi haikupaswa kuwa kipimo cha urafiki wa dola. Kwa mantiki ya 2020 na 2021, kumrudisha mtu ndiko kulikoonekana kuwa ishara ya ushirikiano. Huo ndio uhamisho wa urafiki uliodaiwa katika utangulizi.

5.0 Mwambao wa Nyasa: Washirika Wanaogombana

Mwambao wa Ziwa Nyasa unaongeza jambo ambalo mpaka wa Mtwara hauwezi kulionyesha: ushirikiano dhidi ya ugaidi na uasi hauondoi ugomvi wa washirika, bali huugawa katika vyumba. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890 ulipitisha mpaka kwenye ufuo wa mashariki wa ziwa, na Malawi inasimama juu ya mkataba huo. Tanzania inashikilia kwamba mpaka unapaswa kupita katikati ya ziwa, na inaweza kuonyesha kwamba kwa upande wa Msumbiji mpaka ulisogezwa katikati kwa makubaliano ya Uingereza na Ureno ya mwaka 1954. Mgogoro uliotulia kwa miongo ulipamba moto mwaka 2012 kuhusu utafutaji wa mafuta, hata ukapelekwa kwa usuluhishi wa marais wastaafu chini ya Joaquim Chissano, rais mstaafu wa Msumbiji, nchi ya tatu yenye ufuo katika ziwa hilohilo.

Wakati huohuo, Azimio namba 2098 la Baraza la Usalama la tarehe 28 Machi 2013 liliunda Brigedi ya Kuingilia Kati mashariki mwa Kongo, na nchi zilizotoa askari zilikuwa Afrika Kusini, Tanzania na Malawi. Askari wa nchi mbili zilizokuwa zikigombea maji ya Mbamba Bay walisimama pamoja Kivu dhidi ya M23. Nchi hizohizo tatu zilirudi Kongo mwishoni mwa 2023 chini ya ujumbe wa SADC, hadi ujumbe huo ulipositishwa Machi 2025 baada ya Goma kuanguka.

Mkanganyiko unazidi Rwanda inapoingizwa katika hesabu. Mkataba wa Ulinzi wa Pamoja wa SADC, uliotiwa saini Dar es Salaam Agosti 2003, unatamka kwamba shambulio la silaha dhidi ya mwanachama litajibiwa kwa hatua ya pamoja ya haraka, kwa idhini ya wakuu wa nchi. Tangu Oktoba 2017 hadi kuingia kwa ujumbe wa SADC Cabo Delgado Julai 2021 ilipita miaka karibu minne. Katika kipindi hicho Msumbiji ilijaribu askari wa kukodiwa, na mwishowe majeshi ya Rwanda, isiyo mwanachama wa SADC, yalitangulia kuingia kwa siku chache. Ujumbe wa SADC uliondoka mwaka 2024, Rwanda ilibaki. Wakati huohuo, ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zilieleza kuwa jeshi la Rwanda linawasaidia M23, jambo ambalo Kigali imelikana. Kwa hiyo Tanzania ilikuwa na adui mmoja na Rwanda katika Cabo Delgado, na huko Kivu askari wake walikuwa wakikabili kundi linalodaiwa kuungwa mkono na Rwanda.

Hofu ya kuachwa na hofu ya kukokotwa za Snyder zinaonekana hapa zote mbili, lakini kwa namna ambayo Snyder hakuiweka. Urafiki wa zamani wa nchi za mstari wa mbele ulikuwa urafiki kwa mtu: ndugu ni ndugu popote, hata akikosea. Urafiki wa zama za ugaidi ni urafiki kwa jambo: fulani ni mshirika hapa, mpinzani pale, na mtu baki kwingine. Faida yake ni wepesi. Hasara yake ni kwamba hauachi akiba ya imani inayoweza kutumika jambo lenyewe linapokwisha.

Ziwa lenyewe limewahi kushuhudia urafiki ukikatwa kutoka mbali. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Kiingereza Gwendolen iliishambulia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ikiwa nchi kavu kwa matengenezo huko Sphinxhafen, yaani Liuli ya leo. Manahodha wawili wa meli hizo walifahamiana vizuri kabla ya siku hiyo. Mmoja alikuwa amepata habari za vita. Mwingine hakuwa nazo. Uamuzi ulifanywa Ulaya, na jirani aliyechelewa kuarifiwa ndiye aliyelipa. Usanifu huo wa maamuzi haujabadilika sana: sera ya mwambao bado hutungwa mbali na mwambao.

6.0 Kikulacho na Anayekijua

Methali ya kikulacho ki nguoni mwako inabeba ukweli ambao lugha ya washirika huuficha. Kabla ya Mocímboa da Praia kushambuliwa, Kibiti, Mkuranga na Rufiji zilikuwa zimepitia mauaji ya viongozi wa vijiji na askari. Tarehe 13 Aprili 2017 polisi 8 waliuawa Kibiti katika shambulio moja. Maofisa na wachambuzi walieleza baadaye kwamba baadhi ya wahusika walivuka kwenda Msumbiji. Tishio halikuvuka Ruvuma kuja kaskazini pekee. Lilivuka pia kwenda kusini. Tamko linalosema adui anatoka ng'ambo humpa kila mshirika nafasi ya kumnyooshea mwenzake kidole, na huahirisha maswali ya nyumbani kuhusu ardhi, ajira za vijana, mahubiri ya chuki na mwenendo wa vyombo vya dola.

Katika mwambao wa Nyasa, anayejua kilicho nguoni ni mkazi. Wanyasa wanaishi katika ufuo wa nchi zote tatu. Makanisa ya Kianglikana ya mwambao yalilelewa na misheni ya UMCA iliyokuwa na makao yake Likoma, kisiwa cha Malawi kilichozungukwa na maji ya Msumbiji. Kutoka Chiwindi, kijiji cha mwisho cha ufuo wa Tanzania, ndugu wa Cóbuè ni wa karibu kuliko afisa wa Songea. Usipa huvuliwa usiku kwa taa, hukaushwa mchanga, na hupandishwa kwenda milimani Mbinga kwa Wamatengo wenye kahawa na mahindi ya ngoro. Mtumbwi wa usiku, ambao kwa mwambao ni chakula, kwa macho ya doria ni dalili.

Mashambulizi yalipoingia Wilaya ya Mecula mkoani Niassa mwishoni mwa 2021, na yalipogusa Hifadhi ya Niassa Aprili 2025, umbali kati ya vita na Ruvuma ya magharibi ulipungua. Ni haki kutarajia ulinzi zaidi. Swali la kiuhakiki ni je, ulinzi huo utamfanya mvuvi aliyeona mtumbwi mgeni aende kuripoti, au aukwepe mtumbwi na askari kwa pamoja? Taarifa ya kijasusi yenye thamani kuliko zote mpakani ni neno la mtu anayeamini kwamba kulisema hakutamfanya yeye kuwa mshukiwa. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Na fimbo ya karibu iko mkononi mwa mtu ambaye sera inamhesabu kama nyasi alimojificha nyoka.

Kiswahili kimetoa jina moja, balozi, kwa mwakilishi wa taifa katika nchi ya kigeni na kwa kiongozi wa nyumba kumi. Katika mfumo uliowekwa miaka ya 1960, balozi wa nyumba kumi alikuwa jicho la chama na dola, lakini pia msuluhishi na mpokeaji wa wageni. Jukumu la kwanza bila la pili humfanya mchongezi. Katika mpaka kama wa Chiwindi, mabalozi hawa wawili wanafanya kazi moja: kuamua ng'ambo pana ndugu au pana hatari. Tofauti ni kwamba balozi wa Maputo au Lilongwe huwasiliana na mamlaka zinazotunga mkataba, ilhali balozi wa nyumba kumi huletewa mkataba ukiwa umekwisha kuwa amri.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Uhakiki umeonyesha mambo matatu. Kwanza, neno gaidi katika mpaka wa Ruvuma lina historia inayopingana na matumizi yake ya sasa, na sera inayoipuuza historia hiyo hupoteza usikivu wa wale inaowahitaji. Pili, kati ya mkataba wa 1969 na mapatano ya 2020, hifadhi imeondolewa katika msamiati wa urafiki wa mataifa, na ukabidhianaji umechukua nafasi yake. Tatu, mashirikiano ya kijeshi ya SADC na Rwanda yameonyesha kwamba adui wa pamoja hatoshi kuwa msingi wa udugu.

Kinadharia, usalamishaji unapaswa kuchunguzwa si pale tu tamko linapotolewa bali pia pale linapofasiriwa, kwa kuwa katika jamii zenye lugha nyingi mfasiri ni sehemu ya mamlaka. Mizani ya ulinzi na usalama, inayopatikana katika Kiswahili, inaweza kutumika kupima sera za mipaka mingine ya Afrika Mashariki.

Kisera, mambo matatu yanapendekezwa. Mapatano ya vyombo vya ulinzi yaambatane na utaratibu wa wazi wa kumhoji na kumsajili anayekimbia kabla ya uamuzi wowote wa kumrudisha, kama mkataba wa 1969 unavyotaka. Kamati za ulinzi na usalama za wilaya za mpakani ziwashirikishe wavuvi na viongozi wa mialo, na vikao vya ujirani mwema na upande wa Niassa na Likoma vihusishe wakazi, si maofisa pekee. Aidha, matini za makubaliano ya usalama zinazogusa wakazi zipatikane kwa Kiswahili, ili wanaotakiwa kuzitii waweze pia kuzisoma.

Tanzania ilipowapokea wapiganaji wa FRELIMO, haikuwa na hakika kuhusu kila aliyevuka mto. Ilikuwa na sera iliyomwona anayevuka kuwa mtu kabla ya kumwona kuwa tishio, na kwa sera hiyo ilipata mshirika wa zaidi ya nusu karne. Mkazi wa mwambao wa Nyasa bado anaweza kuikumbuka sera hiyo. Kama dola nayo itaikumbuka, hilo ndilo litakaloamua ikiwa vita vya Cabo Delgado vikimalizika, ng'ambo ya Ruvuma patakuwa na ndugu au na mshirika wa zamani tu.